Siku ya kusi Unguja: namna ya kuwatembeza ndugu waliotoka nyanda za juu

Sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe karibu wote tunakwenda Unguja kwa wakati mmoja, kati ya Juni na Agosti. Juni shule zimefungwa, mahindi yamevunwa au yanamalizikia kukauka shambani, viazi vimepata mnunuzi, na baridi ya Uyole na Makambako inamfukuza mtu nyumbani kwake. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kusi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, na hukaza zaidi katikati ya likizo yetu. Watu wa Kyela na Matema wanamjua ndugu yake anayetibua Ziwa Nyasa majira hayo, wanamwita mwera. Ubaridi na manyunyu ya Tukuyu mwezi wa saba nayo yanaletwa na pepo za upande huo huo.

Kwa hiyo ukiwa ndiye kiongozi wa msafara, mwenye bibi, shangazi, baba mkwe na watoto sita wasiojua kuogelea, panga safari ukijua upepo utakuwepo. Kazi yako ni kuchagua upande wa kisiwa na saa ya siku. Boti ya matembezi iwe jambo la mwisho kabisa kuamuliwa.

Kabla ya kuondoka: angalia mwezi

Wengi hupanga tarehe kwa kuangalia nauli na ruhusa ya kazini. Ongeza kitu kimoja: mwezi wa angani. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takribani saa sita zikipita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada yake, kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake huweza kufika mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti hupungua.

Jambo ambalo wenyeji wanalijua bila kufikiri, na mgeni wa kutoka Tunduma hawezi kulijua, ni kwamba siku za bamvua kule Unguja maji hukauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa jioni, saa kumi hadi saa kumi na moja. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji huwa yamejaa asubuhi.

Sasa liunganishe hilo na kusi. Upepo huo kwa kawaida huwa mpole alfajiri, huongezeka jua likipanda, na alasiri ndipo unapopeperusha kofia. Wiki ya maji mafu basi inakupa zawadi: asubuhi kuna maji ya kutosha na upepo haujakaza, watoto wanaoga salama, na adhuhuri mnaondoka ufukweni. Wiki ya bamvua inakupa asubuhi ya kutembea juu ya mchanga na mwamba uliokauka, halafu jioni maji mengi pamoja na upepo mwingi, jambo lisilofaa kwa watoto wa bara katika pwani ya mashariki. Zote mbili ni siku nzuri, ila ratiba zake ni tofauti. Mtu aliyepanga kuogelea Jambiani saa nne asubuhi siku ya bamvua ataikuta bahari iko mbali, imebaki mbuga ya mchanga na madimbwi, na baba mkwe ataanza kuuliza kama huku ndiko alikotolewa Rungwe kuja kuona.

Mizigo

Watu wetu hufanya moja kati ya makosa mawili. Wapo wanaobeba makoti ya Mafinga, na wapo wanaoacha kila kitu kizito kwa kuwa “pwani ni joto.” Kusi si baridi ya kutetemesha. Julai mchana joto la Unguja hukaribia nyuzi 28 au 29, na usiku hushuka hadi nyuzi 20 na ushei. Sweta moja jepesi kwa kila mtu linatosha, na kwa bibi ongeza shuka la Kimasai, kwa sababu atakaa mahali pamoja muda mrefu upepo ukimpiga.

Vitu ambavyo hupaswi kuviacha:

- Yeboyebo au raba kuukuu kwa kila mguu. Mwamba unakata, na kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mashimo ya mwamba. Mwiba wake ukiingia kisiginoni, likizo ya mtoto imekwisha.
- Kanga za ziada na pini kubwa. Gauni jepesi halina heshima mbele ya kusi, na vijiji vya pwani ni vya Waislamu wenye staha. Mavazi ya ndani ya hoteli yabaki hotelini. Kina mama wetu wanaovaa suruali au taitsi chini ya gauni hawapati shida.
- Fulana za mikono mirefu za watoto. Upepo unapoza ngozi na kumfanya mtu asisikie jua linavyomchoma. Wenye ngozi nyeusi nasi tunaungua, huonekana usiku mabega yanapowaka.
- Kitambulisho cha kila mtu mzima. Utakihitaji kwenye tiketi ya boti, na ndicho kitakachokupa kiingilio cha raia mahali kama msitu wa Jozani.

Zawadi ya mwenyeji haina mjadala: mchele. Mfuko wa mchele wa Kyela ukiingia nyumba ya Fuoni au Mwanakwerekwe, mwenye nyumba atawapokea kwa moyo mmoja hata mkija kumi. Parachichi zibebe zikiwa ngumu.

Kuvuka

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Basi likishawafikisha stendi ya Mbezi bado mna jiji zima la kulivuka hadi bandarini. Usiwapeleke wazee moja kwa moja kutoka kwenye basi hadi kwenye boti, waache walale Dar. Miili iliyochoka na matumbo yaliyokaa njaa tangu mlima wa Kitonga ndiyo ya kwanza kutapika.

Chukua boti ya asubuhi. Kuvuka ni kama saa mbili, na asubuhi bahari bado haijachachamaa. Kila mtu ale kitu kikavu kabla, chapati au mkate na chai ya tangawizi, maziwa yaache. Dawa ya kichefuchefu inunuliwe duka la dawa na kumezwa kabla ya kupanda, kwa maana ikinywewa tumbo likishaanza kupinduka haisaidii tena. Wenye kuugua wakae ngazi ya chini, katikati ya chombo au nyuma kidogo, na watazame mbali kwenye upeo wa bahari. Anayeinamia simu atakuwa wa kwanza kuomba mfuko.

Jua pia kwamba kurudi hutikisa zaidi kuliko kwenda. Dar iko kusini mwa Unguja, kwa hiyo wakati wa kwenda mawimbi ya kusi yanakusukuma kutoka nyuma au ubavuni, na wakati wa kurudi chombo kinayakabili uso kwa uso. Waambie wazee mapema, wasije wakadhani safari nzima ya kurudi ni mkosi.

Suala la usalama usilichukulie kirahisi mbele ya foleni. Tarehe 18 Julai 2012, katikati kabisa ya kusi, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar, na watu wengi walikufa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za bahari kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia habari za upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo ni kawaida ya angalizo, na inatosha kukufanya uachane na vyombo vidogo siku hiyo. Ikiwa tahadhari, hata safari kubwa iulize upya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa, na waliokuwa na siku moja ya akiba hawakuhangaika sana.

Asubuhi ya siku yenyewe

Amka mapema kuliko msafara. Toka nje utazame vitu vitatu kabla hujamwahidi mtoto chochote.

Kwanza minazi. Makuti yakicheza tu ncha, siku inafaa. Yakiwa yamelazwa yote upande mmoja kabla ya saa mbili asubuhi, jua alasiri itakuwaje. Pili, bahari nje ya mwamba. Pwani ya mashariki kuna mwamba unaokatiza mawimbi mbali na ufukwe. Ndani yake maji yanaweza kuonekana tulivu huku nje kukiwa na povu jeupe kila mahali. Hilo povu ndilo linalokwambia hali halisi. Tatu, wavuvi. Kama ngarawa ziko mchangani saa moja asubuhi na wenyewe wamekaa kibarazani wanashona nyavu, huna haja ya programu ya simu.

Baada ya hapo muulize mwenyeji saa ya kujaa na kupwa. Usimuulize “leo bahari nzuri?” kwa sababu mwenye boti atakujibu nzuri. Uliza, “Maji yanaanza kurudi saa ngapi?” Hapo atakujibu kwa ukweli, maana hana cha kuuza katika jibu hilo.

Kuchagua upande

Hapa ndipo siku inapoharibika au kupona. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, pwani ya Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi inaupokea upepo moja kwa moja. Kendwa inatazama magharibi, na upande wa magharibi wa Nungwi vivyo hivyo. Kisiwa chenyewe kinawakinga. Tena kule maji hayakimbii mbali yanapopwa, mtu anaweza kuoga karibu saa yoyote. Ukiwa na watoto na siku moja tu ya bahari katika safari nzima, kodi Noah au Hiace mwende Kendwa. Kutoka mjini ni kama kilomita 60. Kutoka Jambiani ni mbali, hesabu karibu saa mbili, na wazee watasimamisha gari.

Lakini usiwanyime Paje kwa sababu ya upepo. Upepo ndio unaoileta dunia pale. Mwezi wa saba anga lote la Paje huwa limejaa vishada vikubwa vya wageni wanaoteleza juu ya maji kwa ubao, na bibi yangu mmoja aliyewahi kuviona alikaa kuvihesabu hadi chai ikapoa. Kaeni pembeni, si katikati ya ufukwe, na msipite chini ya kishada wala nyuma ya mtu anayekiandaa mchangani. Kamba zake ni nyembamba, hazionekani vizuri, na zikikazwa ghafla zinakata.

Asubuhi ya bamvua, Paje na Jambiani zina kitu bora zaidi ya kuogelea. Maji yakipwa, akina mama hushuka kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza vijijini humo mwaka 1989, na kwa mkulima wa Ileje au Wanging’ombe hakuna onyesho la kuvutia zaidi: vigingi vifupi vimechomekwa mchangani kwa mistari, kati yake kamba iliyonyooshwa, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo, kila kimoja kwa mkono. Mama ameinama, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, kanga ameikaza kiunoni, anafungua, anakata, anafunga mbegu nyingine. Wiki chache baadaye anavuna. Shangazi mkulima atauliza kuhusu magonjwa, mbegu na bei, na mazungumzo hayo hayahitaji kiongozi wa watalii. Salimieni kwanza, msikanyage kamba, na picha ziombwe. Ukinunua sabuni ya mwani kijijini umeshukuru vizuri.

Sheria moja mkiwa huko nje kwenye maji yaliyopwa: saa ya kupwa kabisa ikifika, geuzeni. Maji ya kurudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe, na kusi huyasukuma yaje upesi. Mtu mrefu atavuka kwa mapaja, mtoto wa darasa la pili hatavuka. Msiende pia kwenye mlango, ile nafasi iliyo wazi kwenye mwamba ambamo maji ya ndani hutokea, kwa sababu yakitoka yanatoka na mtu.

Boti za matembezi

Kisiwa cha Changuu kwenye kobe, fungu la mchanga la Nakupenda, pomboo wa Kizimkazi, kupiga mbizi Mnemba: vyote vinauzwa kila asubuhi, hata asubuhi ambayo havifai. Kizimkazi iko kusini kabisa, na kusi ikikaza bahari yake ni ya kurusharusha. Mnemba iko upande wa mashariki. Changuu iko karibu na mji, upande wa magharibi, na ndiyo inayowezekana mara nyingi zaidi, mkienda mapema na kurudi kabla ya adhuhuri.

Usilipe fedha yote siku moja kabla. Toa kianzio kidogo, na mkubaliane mbele ya mtu kwamba upepo ukizidi mnahamisha siku au fedha inarudi. Kabla ya kupanda, omba kuona jaketi okozi, zihesabu, na zivikwe watoto mkiwa bado nchi kavu. Zile zilizofungiwa chini ya kiti si za kuokoa mtu. Nahodha akisema leo hapana, mshukuru na umpe biashara kesho. Akisema twende huku mwenzake wa jirani amevuta chombo juu, mwamini huyo wa jirani.

Ngarawa ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa kiasi, upepo wa wastani, nahodha mtu mzima wa kijiji, ni raha tupu. Vijana wasikose.

Kumweka bibi

Mzee asikalishwe ukingoni mwa maji eti aone vizuri. Mtafutie upenu wa banda la makuti, upande ambao upepo unakatizwa na ukuta, kiti chenye mgongo, na mgongo huo uelekee kusini-mashariki. Mkeka wa watoto wachanga usitandikwe chini ya mnazi wenye matunda, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Nazi na makuti mazito huanguka siku kama hizo. Chakula kiliwe ndani au nyuma ya ukuta, kwa sababu pilau yenye mchanga hairekebishiki. Watoto wakitoka majini wafutwe na kubadilishwa nguo papo hapo. Nguo mbichi na upepo vikikutana, mtoto wa Makete aliyezoea baridi kali naye atatetemeka midomo.

Upepo ukikataa kabisa

Geuza gari uingie ndani ya kisiwa. Jozani iko njiani kati ya mji na Paje, na ndani ya msitu ule utasikia upepo juu ya miti bila kuuhisi. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, wanakaa karibu na njia. Msiwape chakula wala msiwaguse. Mashamba ya viungo ya Kizimbani nayo yana kinga ya miti. Wazee waliolima kahawa Mbozi au chai Tukuyu watamchosha mwongoza wageni kwa maswali kuhusu mdalasini na vanila, mwache achoke.

Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo kusi haipiti. Nendeni soko la Darajani asubuhi, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, halafu mpumzike. Beit el Ajaib, jumba la kale la sultani, usiiwekee matumaini ya kuingia, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Itazameni kwa nje. Jioni bustani ya Forodhani inatazama magharibi, majumba yako nyuma yake, na hata siku ya upepo mkali mtakula urojo na mishikaki bila kushika sahani kwa mikono miwili. Vijana wa mji hurukia baharini pale maji yakijaa. Wavulana wenu watataka kuwaiga, nawe ukatae, kwa sababu wenzao wanajua jiwe liko wapi.

Usiku, na siku ya kuondoka

Nyumba inayotazama bahari ya mashariki hulia usiku kucha: makuti, madirisha, mabati. Omba chumba cha nyuma kwa ajili ya wazee, na wote walale kwenye chandarua, maana mahali penye kinga ya upepo ndipo mbu wanapojificha.

Tiketi ya basi la kurudi Mbeya usiikate kwa asubuhi inayofuata siku ya kuvuka. Acha siku nzima katikati. Boti ikiahirishwa utakuwa na nafasi, na isipoahirishwa wazee watapumzika Dar matumbo yatulie, kisha mtaingia Mbezi alfajiri mkiwa na karafuu, kashata na nguvu za kuipanda Kitonga.